Kuongeza kasi ya kuandika kwenye Raspberry Pi: anza na draiva iliyoshika diski

Jumamosi usiku, harusi ikiisha, vijana wa studio moja ya picha hapa Majengo hurudi na memori kadi za GB 64 zilizojaa. Wanazihamishia kwenye SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) iliyochomekwa kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo inayotumia Linux. Kila kadi ilikuwa ikila zaidi ya nusu saa, na waliponiita walikuwa wameshakata shauri kununua SSD mpya. Niliwaomba wasitoe pesa kwanza. Mara nyingi SSD ni nzima. Kinachochelewa ni njia ya kuifikia, na njia hiyo inasimamiwa na draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa.

Nitaeleza nilivyofanya, kwa mfuatano uleule; amri zote zinaandikwa kwenye terminali ya Pi. Diski yangu hapa inaitwa sda na imefunguliwa kwenye /mnt/picha; badilisha majina yalingane na yako, na uwe na nakala ya data mahali pengine kabla hujagusa chochote.

1. Pima kwanza

`dd if=/dev/zero of=/mnt/picha/jaribio bs=1M count=4096 conv=fsync`

Usiache `conv=fsync`. Bila hiyo Linux hupokea data kwenye RAM na kukwambia kazi imekwisha, ilhali diski bado inaandika. Utaona namba tamu isiyo ya kweli. Rudia mara tatu, andika matokeo kwenye karatasi.

2. Tazama umeme

`vcgencmd get_throttled`

Jibu linalotakiwa ni `throttled=0x0`. Likija jingine, huenda chaja ni dhaifu au waya ni mwembamba, basi shughulikia hilo kabla ya kuendelea. Poti zote nne za USB za Pi 4 zinagawana ampea 1.2 tu, kwa hiyo SSD na diski ya kuzunguka zikichomekwa pamoja zinaweza kuzidi kiwango hicho.

3. Jua draiva na kasi ya poti

`lsusb -t`

Tafuta mstari wa diski yako. Mwishoni kuna `5000M` au `480M`, na kabla yake `Driver=uas` au `Driver=usb-storage`. Pale studio ilikuwa 480M. Hiyo ni USB 2.0, na kwa kazi halisi haivuki sana MB 35 kwa sekunde. Piga hesabu ya GB 64 utaipata ile nusu saa yao.

Ajabu ni kwamba SSD ilikuwa kwenye poti ya buluu, ambayo ni USB 3.0. Hapa pwani hewa ina chumvi, na vichwa vya waya hushika kutu. Pini za USB 3.0 zisipogusana vizuri, kifaa hushuka kimya kimya hadi 480M. Nilibadilisha waya, nikauchomeka kwa mkupuo mmoja, ikasoma 5000M na `Driver=uas`.

4. Chagua kati ya uas na usb-storage

Hapa ndipo penye kazi. Draiva ya usb-storage ni kama hamali wa soko la Kongowea anayepewa gunia moja, analipeleka, anarudi ndipo aambiwe la pili. Draiva ya uas humpa orodha nzima ya magunia, naye hupanga safari zake. Kwa faili dogo dogo nyingi tofauti ni kubwa. Kwa video moja ndefu ni ndogo zaidi, kwa sababu kila gunia lenyewe ni zito.

Kwa hiyo uas ni bora, ila si kila keisi ya SSD (kasha linaloiunganisha na USB) inaiweza. Chipu ya ndani ya keisi ikiwa na hitilafu, diski husimama sekunde kadhaa, kisha huendelea, kisha husimama tena. Ndivyo ilivyotokea dakika kumi baada ya mimi kubadilisha waya. Nikaangalia dmesg, yaani kumbukumbu za ujumbe wa mfumo:

`sudo dmesg | grep -i uas`

Ukiona `uas_eh_abort_handler` ikijirudia, dawa bora ni keisi nyingine. Kama haipatikani leo, ilazimishe diski itumie usb-storage. Andika `lsusb` upate namba mbili za kifaa, mfano aaaa:bbbb. Nakili faili la /boot/firmware/cmdline.txt (kwenye mifumo ya zamani ni /boot/cmdline.txt), kisha ongeza hii mwanzoni mwa mstari uleule, ikifuatwa na nafasi moja:

`usb-storage.quirks=aaaa:bbbb:u`

Faili hilo ni mstari mmoja tu. Ukibonyeza Enter katikati, mashine inaweza kukataa kuwaka. Washa upya, rudia hatua ya 3 uhakikishe, kisha pima tena. Mimi naichagua draiva ya polepole isiyokatika mbele ya ya haraka inayokatika, hasa kwa picha za harusi, ambazo haziwezi kupigwa tena.

5. Ongeza ukubwa wa mzigo

Hii ni kwa wanaotumia usb-storage kwenye 480M, kwa mfano Pi 3. Huko draiva hubeba sekta 240 kwa safari, yaani KB 120. Jaribu:

`echo 1024 | sudo tee /sys/block/sda/device/max_sectors`

Pima. Diski ikianza kutoa makosa kwenye dmesg, rudisha 240. Badiliko hili hufutika mashine ikizimwa. Kwenye 5000M kerneli (kiini cha Linux) huweka 2048 yenyewe, huna la kufanya.

6. Safisha SSD

`sudo fstrim -v /mnt/picha`

Amri hii huiambia SSD ni nafasi zipi hazitumiki tena. Ikikubali, ifanye kila wiki. Ikisema haiwezekani, achana nayo. Kuna njia ya kuilazimisha kupitia mpangilio wa kerneli uitwao provisioning_mode, lakini keisi isiyoiweza inaweza kukuharibia data.

Usiguse hivi

Utakutana na ushauri wa kuweka `barrier=0` au `data=writeback` kwenye ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux. Kweli namba zitapanda. Lakini stima ikikatika katikati ya kunakili, nawe unajua inavyokatika mtaani, unaweza kubaki na faili zilizoharibika. `noatime`, inayozuia kuandika muda faili lilipofunguliwa, haina madhara, iweke.

Mwisho pima tena kwa faili refu, `count=20000`. SSD za bei nafuu huandika haraka mpaka sehemu yao ya akiba ijae, halafu hushuka ghafla, na hapo hakuna draiva itakayosaidia. Pale studio haikushuka. Sasa kinachowachelewesha ni kadi yenyewe, kama dakika 12 kwa kila moja. Ukimaliza, futa faili la jaribio:

`rm /mnt/picha/jaribio`