Namna ya Kumchagua Mkufunzi wa Mazoezi Anayekufaa

Kabla ya kumtafuta mkufunzi, amua kwanza unachokitaka, kwa kuwa hodari wa kumwandaa mtu kukimbia marathoni ya kilomita 42 si lazima amfae mwenye goti lililofanyiwa upasuaji. Mwulize amesomea wapi, cheti chake kinatambuliwa na nani, na kama amefunzwa huduma ya kwanza, ikiwemo kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama. Mkufunzi makini hakuanzishi mazoezi bila kukuuliza kuhusu shinikizo la damu, dawa unazotumia na majeraha ya zamani; asiyeuliza, mwache.

Jambo ninalolipa uzito zaidi ni kumtazama akiwa kazini. Omba kipindi kimoja cha majaribio, kisha angalia macho yake yako wapi unapochuchumaa na chuma mabegani: je, anaona visigino vikiinuka au mgongo ukipinda, akakusimamisha na kupunguza uzito, au anahesabu tu huku ameinamia simu? Ukimwambia kwamba kiungo kinakuuma vikali, naye akakuhimiza uvumilie, usirudi kwake. Malipo, ratiba na masharti ya kuahirisha kipindi yaandikeni mapema, na usilipie miezi mingi kwa mkupuo kabla hamjazoeana.