Parkinson na kilo 2 za unga: jinsi ninavyoipanga siku yangu

Huu ni mwaka wangu wa sita na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili. Naishi Ngamiani, Tanga, na kila kukicha nakanda kilo 2 za unga wa mahamri. Wenzangu walioanza kutetemeka huniuliza siku wanaipitishaje. Mimi naipitisha hivi.

Anza na saa ya dawa, kazi ifuate. Vidonge vyangu ni levodopa pamoja na kabidopa. Navimeza saa 11 alfajiri kwa maji matupu, nusu saa ipite ndipo nile. Zamani nilikuwa nameza huku nikitowelea mahamri kwa mbaazi za nazi, halafu nashangaa saa 3 imefika na mkono bado mgumu kama gogo. Kumbe protini ya mbaazi na dawa hugombania njia moja kuingia mwilini. Mbaazi sijaziacha, nazila dawa ikishanishika. Saa zako zipange na daktari wako, na usiache dawa ghafla hata kama imekuchosha.

Kisha chukua daftari, wiki nzima andika saa mwili unapofunguka ukawa mwepesi na saa unapofunga ukawa mgumu. Wangu hufunguka saa 12 hadi saa 4 asubuhi. Saa hizo ni za unga. Kukunja nguo na kupiga simu kutasubiri.

Sasa hapa nisikilizeni. Chagua kazi ambayo kuna mtu anaingojea. Nilipoambiwa ugonjwa huu hauponi na utaongezeka, wanangu kwa mapenzi waliniondolea kila kitu. "Mama, pumzika." Nikapumzika miezi 3, na mkono ukazidi kucheza pale pale mapajani nilipoulaza. Mtetemeko wa Parkinson huuandama mkono uliokaa bure. Ukiupa shughuli, mara nyingi hutulia. Siku niliyorudi kwenye sinia nilimimina tui la vuguvugu kidogo kidogo, nikasukuma unga kwa kiganja, nikaukunja, nikaugeuza, mpaka ukaacha kunata. Kwa muda nilisahau mkono upi ndio mgonjwa. Asubuhi ile mtoto wa jirani akaja na bakuli lake kama zamani: "Shikamoo bibi, nipe ya elfu moja." Nililia mbele yake.

Yako inaweza kuwa kumsomesha mjukuu au kumwagilia mchicha. Muhimu awepo mtu wa kuuliza, "Leo vipi, mbona hujafanya?"

Kazi ikikuzidi, igawe kabla hujaiacha. Mafuta ya moto nimemwachia mkwe wangu tangu mwaka jana. Pua yangu haisikii harufu, ilikufa hata kabla ya mkono kuanza kutetemeka, na wakati ule hatukujua kuwa nayo ni dalili. Kwa hiyo iliki ananusa mjukuu wangu wa miaka 7. Huinamia sinia, anafumba macho, anasema, "Bado, bibi, ongeza." Mimi nakanda, nasukuma, nakata. Kusukuma kukinishinda nitabaki na kukata, na mkwe wangu tumeshaongea hilo.

Miguu nayo hugoma, hasa mlangoni, kama imepigiliwa misumari. Waambie wa nyumbani wasikuvute, utaanguka. Simama, pumua, hesabu moja, mbili, kisha inua goti kama unayevuka kitu. Mimi nimechora mistari ya chaki sakafuni kutoka chumbani hadi jikoni. Jicho likiona mstari, mguu unaitika. Mikeka midogo ya njiani nimeiondoa yote.

Na sauti ifanyieni kazi, maana hushuka bila mwenyewe kujua. Mimi nahesabu mahamri kwa sauti ya juu wakati nayapanga kwenye ungo, moja hadi la mwisho. Mkwe wangu akiwa jikoni akasema hajasikia, narudi kwenye moja.