Kuondoa weldi ya zamani kwa fimbo ya kaboni na upepo

Kijiko cha ekskaveta kinachofanya kazi kwenye machimbo ya kokoto humaliza meno yake haraka, na baada ya muda hata vishikizo vya meno hayo, yaani vile vipande vizito vilivyochomelewa kwenye mdomo wa kijiko, hulika au hupasuka na kulazimika kuondolewa ili vipya vifungwe. Weldi inayovishikilia ni nene na imezunguka pande zote. Fundi mwenye grenda peke yake atamaliza diski nyingi kwa kishikizo kimoja, na mwenye gesi ya kukatia anaweza kuukata mdomo wenyewe, ambao ndio sehemu ya gharama kubwa. Kazi ya namna hii huifaa zaidi njia ya kuchimba chuma kwa tao la kaboni, ambayo mafundi wengi huiita gauji na ambayo ilianza kutumika Marekani katika miaka ya 1940. Mwongozo huu unaifuata kazi hiyo ya kijiko tangu maandalizi hadi chuma kinapokuwa tayari kuchomelewa tena. Fundi wa meli, wa matangi au wa rola za kiwanda cha sukari atabadilisha mambo machache tu.

Fimbo inayotumika imetengenezwa kwa kaboni na grafati na kuvikwa ganda jembamba la shaba. Hubanwa kwenye tochi maalumu, tao la umeme, yaani mwali mkali wa umeme unaoruka hewani, huwaka kati ya ncha yake na chuma, chuma huyeyuka, na papo hapo upepo wa kompresa unaotoka kwenye matundu ya tochi hukipuliza kile kilichoyeyuka na kuacha mfereji. Gesi ya oksijeni hukata kwa kukiunguza chuma, lakini hapa hakuna kuungua kunakohitajika, na ndiyo maana njia hii hufanya kazi hata kwenye chuma kisichoshika kutu na chuma cha kusubu, ambavyo gesi huvikata kwa shida. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba umeme huyeyusha tu, na kinachochimba ni upepo. Karakana nyingi hutumia fedha nyingi kwenye mashine ya kuchomelea, kisha huiunganisha na kompresa ndogo ya kujazia matairi, na kazi inapoharibika fimbo ndizo hulaumiwa.

Kwa tochi ya mkono ya kawaida, shinikizo linalotakiwa ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 80 hadi 100, sawa na takribani bar 5.5 hadi 7, na lipimwe karibu na tochi wakati upepo unatoka, kwa sababu geji ya tangi huonyesha namba nzuri hata pale mpira mwembamba unapolibana shinikizo njiani. Wingi wa upepo una umuhimu uleule: tochi ya kiasi cha kati hutumia futi za ujazo 25 hadi 30 kwa dakika, yaani lita 700 hadi 850, na kompresa isiyoweza kuutoa wingi huo mfululizo itapuliza vizuri kwa dakika ya kwanza kisha itakuacha na chuma kilichoyeyuka kisicho na pa kwenda. Mpira wa upepo uwe na kipenyo cha ndani kisichopungua milimita 10, viungio vyake visiwe vyembamba kuliko mpira wenyewe, na maji yaliyotuama kwenye tangi yamwagwe kabla ya kuanza.

Mashine ya kuchomelea iwe ya umeme wa moja kwa moja (DC), na kwa chuma cha kawaida fimbo iunganishwe upande wa chanya. Fimbo ya milimita 4 huhitaji takribani ampea 90 hadi 150, ya milimita 6.5 ampea 300 hadi 400, ya milimita 8 ampea 350 hadi 450, na ya milimita 10 ampea 450 hadi 600. Viwango vilivyochapishwa kwenye pakiti ya fimbo ndivyo vya kufuatwa pale vinapotofautiana na hivi. Kutokana na hesabu hiyo ni wazi kwamba mashine ndogo ya kuchomelea ya aina ya inveta, ya ampea 200, inaweza kuchimba ufa mdogo kwa fimbo ya milimita 4, lakini haiwezi kuondoa vishikizo vya kijiko. Angalia pia uwezo wa mashine kufanya kazi mfululizo: ikiwa kibandiko chake kinasema asilimia 60 kwa ampea 400, maana yake ni dakika sita za kazi katika kila dakika kumi, na gauji ni kazi inayoendelea bila kupumzika kuliko uchomeleaji wa kawaida. Kwa kijiko cha ekskaveta ya tani 20, fimbo ya milimita 8 au 10 ndiyo inayofaa.

Ni bora kijiko kiondolewe kwenye ekskaveta na kulazwa chini kikiwa kimeegemezwa imara. Kama haiwezekani, chomoa waya za betri, fuata maelekezo ya mtengenezaji kuhusu kompyuta za ekskaveta, na ufunge kibano cha ethi, kile kinachorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, kwenye kijiko chenyewe, karibu kabisa na sehemu unayochimba. Kibano kikifungwa kwenye fremu au kwenye nyayo za ekskaveta, mamia ya ampea yatapita kwenye pini na bushi yakitafuta njia ya kurudi, na pini itakapotolewa baadaye itaonekana ikiwa na vidoa vilivyoungua mahali umeme uliporuka. Sehemu ya kibano isuguliwe hadi chuma king'ae. Grisi, rangi na udongo vitolewe kwenye njia yote ya weldi, kwa kuwa uchafu huo huzidisha moshi na kuliyumbisha tao.

Chuma kinachopulizwa huruka mbele kwa mita kadhaa, kikiwa matone mazito ambayo hubaki na moto hata baada ya kuanguka. Kwa hiyo elekeza kazi kwenye ukuta usioungua au bati nene, na uondoe mitungi ya gesi, mipira, matambara, majani makavu na mafuta katika umbali wa mita 11 kuzunguka eneo lote. Usichimbe kamwe kwenye tangi au pipa lililowahi kuwa na mafuta kabla halijasafishwa na kupimwa hewa yake. Awepo mtu wa pili mwenye kizima moto ambaye kazi yake ni kutazama cheche tu, kwa sababu aliyevaa kioo cheusi haoni kinachowaka nyuma ya kijiko.

Kuhusu mavazi, glavu ndefu, aproni na mikono ya vazi vyote viwe vya ngozi, na suruali ishuke juu ya buti na isichomekwe ndani yake. Kioo cha helmeti kiwe namba 12 kwa kazi iliyo chini ya ampea 500, na namba 14 kwa zaidi ya hapo. Kelele ya gauji huzidi desibeli 100, hivyo vaa vizibo ndani ya masikio na vifunika masikio juu yake. Kimoja peke yake hakitoshi. Moshi una oksidi za chuma na shaba, na kwenye chuma kisichoshika kutu una kromu ya aina yenye sumu, kwa hiyo barakoa yenye chujio la chembechembe hutakiwa hata nje kwenye upepo, na ndani ya chumba huhitajika feni ya kuvuta moshi. Hakuna hali inayoruhusu oksijeni kutumika badala ya hewa, iwe kwenye tochi au kwa kuingiza hewa chumbani.

Mdomo wa kijiko kwa kawaida ni chuma kigumu cha kustahimili msuguano, na chuma cha aina hiyo kikichimbwa kikiwa baridi hupoa ghafla kando ya mfereji na kuweza kupasuka. Kwa hiyo kipashe moto kabla, kwa kiwango kilekile ambacho kingetakiwa kwa kukichomelea. Kwa vyuma vingi vya namna hii ni kati ya nyuzi 100 na 200 za Selsiasi kulingana na unene na aina yake, na karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Tumia chaki ya joto, ambayo huyeyuka chuma kinapofika kiwango chake, au kipima joto. Mate na makadirio ya macho havifai hapa.

Sasa kazi yenyewe. Bana fimbo ikitokeza milimita 150 hadi 180, na isizidi hapo, kwani fimbo ndefu hupata moto mwili mzima na kujimaliza bure. Igeuze tochi hadi matundu ya upepo yawe chini ya fimbo, kati yake na chuma, huku ncha ikielekea unakokwenda. Matundu yakikaa juu ya fimbo, upepo utapita hewani na chuma kitabaki palepale. Fungua upepo kwanza, kisha gusisha ncha kwa wepesi. Tao likishawaka, usiirudishe fimbo nyuma kama unavyofanya na fimbo ya kuchomelea, bali iache karibu na chuma, pakiwa na nafasi ndogo tu ya kupitisha upepo, na uisukume mbele kwa mwendo usiobadilika. Pembe kati ya fimbo na chuma iwe nyuzi 35 hadi 45. Ukiisimamisha zaidi na kupunguza mwendo, mfereji huwa mwembamba na wenye kina. Ukiilaza na kuongeza mwendo, huwa mpana na wa juujuu. Upana wake huzidi kipenyo cha fimbo kwa takribani milimita 3, kwa hiyo chagua fimbo kulingana na mfereji unaoutaka.

Sikio litakuambia mapema kuliko jicho. Mchimbo mzuri hutoa mlio mmoja wa kufoka usiokatika, nao mfereji huwa laini kwa ndani. Mlio ukianza kukatika na kupasukapasuka, ama tao limekuwa refu, ama ampea hazitoshi, ama shinikizo limeshuka. Fimbo inayokuwa nyekundu hadi karibu na tochi, ganda lake la shaba likichunika mbali na ncha, inaonyesha kwamba ampea zimezidi au imetokeza mno. Mavi ya chuma, yaani mabaki ya chuma kilichoyeyuka, yakigandia kwenye kingo na kukataa kutoka kwa nyundo, tazama upepo kabla ya kitu kingine chochote. Fimbo ikibaki milimita 50 hivi, simamisha kazi na uisogeze au uibadilishe, la sivyo utaunguza kichwa cha tochi.

Kwenye kishikizo, usichimbe katikati ya weldi. Egemea upande wa kishikizo, kwa kuwa hicho kitatupwa, ilhali kila milimita utakayoiondoa kwenye mdomo utalazimika kuirudisha kwa fimbo za kuchomelea. Pita mara kadhaa, kila mara kwa kina cha milimita 5 au 6, badala ya kuizamisha fimbo kwa mkupuo mmoja. Weldi inapokaribia kwisha utaona chini ya mfereji mstari mweusi mwembamba kama uzi: huo ni mwanya wa asili kati ya kishikizo na mdomo, mahali ambapo vyuma viwili vilikutana bila kuyeyushwa pamoja. Mstari huo ukionekana mfululizo pande zote, weldi imekatika. Ukipotea mahali fulani, hapo bado pameshika. Kabla ya kumaliza sehemu ya mwisho, kifunge kishikizo kwa mnyororo au kiegemezwe, maana ni kizito na hakitatoa taarifa kikianguka. Kabari na nyundo humalizia kilichobaki.

Ufa kwenye mdomo hutaka utaratibu mwingine. Tafuta kwanza ncha zake kwa dawa ya rangi inayopenya ndani ya ufa na kuuonyesha, toboa tundu dogo mbele kidogo ya kila ncha, kisha anza kuchimba kwenye tundu ukielekea katikati. Anayeanzia katikati huusukuma ufa mbele kwa joto, na mara nyingi huishia kuukimbiza hadi ubavuni mwa kijiko. Chimba hadi ufa uishe, na uache mfereji wenye umbo la U lililo wazi kiasi cha fimbo ya kuchomelea kuufikia mzizi, yaani chini kabisa ya mfereji.

Baada ya kuchimba, usichomelee juu ya uso ulioachwa na kaboni. Pale ncha ilipogusa chuma, au upepo ulipopungua hata kwa muda mfupi, kaboni huingia ndani ya chuma na kukifanya kigumu na chepesi kupasuka. Mahali hapo huonekana pakiwa na rangi ya kijivu au nyeusi isiyong'aa, wakati mwingine pakiwa na kinundu kidogo. Ondoa mavi yote kwa nyundo na brashi ya waya, kisha pitisha grenda mfereji mzima hadi chuma king'ae, ukitoa takribani milimita 1, na zaidi penye madoa. Kinundu cha kaboni ni kigumu kiasi kwamba diski huteleza juu yake kwa mlio mkali, nawe endelea hadi mlio huo uishe. Kwenye chuma kisichoshika kutu ongeza umakini, kwani kaboni iliyobaki hukipunguzia uwezo wa kuzuia kutu.

Kwenye mdomo, grenda ilainishe pia mabaki ya weldi ya zamani hadi kishikizo kipya kikae bila kuyumba. Paka tena dawa ya rangi kuhakikisha hakuna ufa uliojificha, isafishe yote, rudisha joto la kijiko kwenye kiwango kilekile, na ndipo uchomeleaji uanze. Mlinzi wa moto abaki eneo la kazi kwa angalau saa moja baada ya tao la mwisho kuzimwa.