Vitafunwa rahisi vya sherehe: anza na mayai, na uyamenye bila kuyachubua

Mdogo wangu alinipigia simu saa nne kasoro usiku, sauti inataka kulia. "Dada, haya mayai hayamenyeki. Kila nikivuta ganda linaondoka na ute." Sherehe yake ilikuwa kesho yake mchana, wageni 20. Alikuwa amechemsha mayai 12, na manane yalikuwa yamechubuka hadi kiini kinaonekana. Nilimwuliza ameyanunua lini. "Leo asubuhi. Yale ya wiki iliyopita nimeyaacha kwenye friji, niliona si heshima kuwapa wageni."

Tatizo lilikuwa hapo hapo. Nilikwenda tukafanya kazi pamoja, na ninaandika hatua zote tulizofuata kwa sababu swali hili nimeulizwa mara nyingi mno.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya vipande

Kama kuna chakula kamili baadaye, vipande 6 kwa kila mgeni vinatosha. Kama vitafunwa ndiyo chakula chenyewe, panga 10 hadi 12. Sisi tulihitaji 120. Aina tatu tu: mayai ya kujaza, vidonge vya nyama, na sandwichi ndogo. Ukipanga aina nane utanunua viungo vya aina nane, na nusu yake vitabaki kabatini.

Kila kitafunwa kishikike kwa mkono mmoja, kiishe kwa kung'atwa mara mbili, na kisivuje. Mimi sikaangi chochote kwa sherehe ya nyumbani. Mafuta mengi yanakula bajeti, ukavu wa juu unapotea baada ya dakika chache, na mwenye sherehe anabaki jikoni wageni wakiwa sebuleni.

Hatua ya 2: Tumia mayai yaliyokaa

Yai bichi hupumua. Ganda lina matundu madogo sana, maelfu, na kadiri siku zinavyopita hewa ukaa hutoka kupitia matundu hayo. Ute hupungua asidi, na unapoiva haung'ang'anii utando ulio chini ya ganda. Yai la jana lina asidi zaidi, ute wake hushikana na utando kama gundi. Kwa hiyo nunua mayai siku 7 hadi 10 kabla, uyaweke kwenye friji. Ukitaka kuyapima, litumbukize yai kwenye bakuli la maji: jipya hulala kwa ubavu, lililokaa husimama likiwa bado limegusa chini. Linaloelea kabisa mimi silitumii.

Usiku wa kuamkia siku ya kupika, yalaze kwa ubavu. Viini vinakaa katikati zaidi, na nusu mbili zinatoka na kuta zinazolingana.

Hatua ya 3: Pika kwa mvuke

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima miaka ya nyuma, mayai 40 yote yakichubuka mbele yangu.

Wengi wetu tulifundishwa kuweka mayai kwenye maji baridi kisha kuwasha moto. Ndiyo njia mbaya kuliko zote kwa yai la kumenya. Joto likipanda polepole, ute unaganda polepole huku umegusana na utando, na vinashikana. Yai likikutana na joto kali ghafla, ute unaganda haraka na kujivuta kutoka kwenye utando.

Unaweza kuyatumbukiza kwenye maji yanayochemka tayari, lakini mayai 12 ya baridi yakiingia kwa pamoja, maji hutulia na unarudi kule kule. Tena mengine hugonga chini na kupasuka. Ndiyo maana napenda mvuke. Weka maji ya kina cha sentimita 2 kwenye sufuria, subiri yachemke hasa, kisha pangilia mayai kwenye kichujio au wavu ulio juu ya maji, yakiwa yametoka kwenye friji moja kwa moja. Funika. Yai kubwa linahitaji dakika 13, dogo 11.

Mambo ya kuangalia:

Kifuniko kikae sawasawa. Mvuke ukitoka pembeni, dakika 13 hazitoshi. Usifunue kuchungulia.

Kama unaishi mahali pa juu sana, maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Ongeza dakika 1 au 2, na jaribu yai moja kwanza kabla ya kuamini saa.

Usizidishe kwa kuogopa ubichi. Yai likipitiliza, salfa ya kwenye ute hukutana na chuma cha kwenye kiini, na kiini kinazungukwa na mstari wa kijani kibichi wenye harufu. Halidhuru, ila ukilijaza na kulipanga kwenye sinia linaonekana limechoka.

Chumvi, siki, magadi, kutoboa ganda kwa pini: nimejaribu vyote. Siki husaidia ute usisambae yai likipasuka. Kwenye kumenya sikuona tofauti ya maana.

Dakika zikitimia, yahamishie kwenye bakuli la maji yenye barafu nyingi, dakika 15 kamili. Maji ya bomba peke yake hayatoshi, hupata joto mara moja. Baridi husimamisha mapishi na kulifanya yai lisinyae kidogo ndani ya ganda.

Hatua ya 4: Menya ndani ya maji

Gonga kwanza upande mnene, ndiko kuliko na mfuko wa hewa. Libiringishe mezani chini ya kiganja hadi ganda zima liwe na nyufa, kisha anza kumenya upande ule ule mnene, yai likiwa limezama majini. Maji hupenya kati ya utando na ute na kukufanyia nusu ya kazi. Hakikisha kidole kimeingia chini ya utando, si chini ya ganda tu. Mdogo wangu alipomenya la kwanza kati ya yale ya wiki iliyopita, ganda lilitoka kwa vipande viwili vikubwa. Alilishika yai kwenye mwanga wa taa akaligeuzageuza, halina hata kovu.

Yale 12 ya mwanzo tulimalizia kuyamenya na kuyakatakata yote, tukachanganya na mayonezi, pilipili manga na matone ya limau, tukapaka kwenye mkate. Sandwichi 12, kila moja imekatwa pembetatu nne: vipande 48.

Hatua ya 5: Jaza

Kata kwa kisu chembamba, ukikifuta kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya yai moja. Kwa viini 12: mayonezi nusu kikombe, haradali vijiko vidogo 2, chumvi. Ponda viini vikavu kwanza hadi viwe unga, ndipo utie vingine. Tia mchanganyiko kwenye mfuko safi wa plastiki, kata kona, kamua. Nyunyiza paprika.

Hatua ya 6: Vidonge vya nyama

Loweka slesi 4 za mkate kwenye maziwa mililita 150, vuruga, changanya na kilo 1 ya nyama ya kusaga, mayai 2, kitunguu kilichokwanguliwa na chumvi. Usiache mkate: unaongeza wingi na unashikilia maji, kwa hiyo vidonge vinabaki laini hata vikipoa. Fanya vidonge vya gramu 25, vinatoka zaidi ya 50. Oka kwa nyuzi 200 dakika 15 hadi 18. Katikati pafike nyuzi 71.

Hatua ya 7: Mezani

Mayai na nyama visikae nje zaidi ya saa 2, na saa 1 tu kama joto limezidi nyuzi 32. Usitoe vyote kwa pamoja. Toa nusu sinia, nyingine ibaki kwenye friji imefunikwa. Chini ya kila nusu ya yai kata kipande chembamba kama sarafu, likae bila kuteleza. Sandwichi zifunike kwa kitambaa chenye unyevu hadi mgeni wa kwanza abishe hodi.