SOMO: Pikipiki imegoma kuwaka au haikai sailensi (haiungurumi ikatulia ukiachia eksileta). Pima kwanza, kununua baadaye

Kila wiki swali ni lilelile: "Jana ilikuwa nzima, leo haiwaki, ninunue CDI?" (CDI ni kisanduku cha umeme kinachoamuru plagi itoe cheche.) Nimechoka kuandika jibu moja mara mia, kwa hiyo naliweka hapa. Somo ni la pikipiki za silinda moja zenye kabureta, cc 100 hadi 150. Ukiuliza jambo ambalo tayari limo humu nitakutajia namba ya hatua tu, usinune.

Kwanza jua ugonjwa wako. Haiwaki kabisa: anza hatua ya 1. Inawaka na kukimbia vizuri lakini ukiachia eksileta inazima: ruka hadi ya 6. Inazima ikishapata moto: ya 3, kisha ya 8.

1. Swichi ya kuzimia kwenye usukani, stendi ya pembeni, gia iwe nyutro.

2. Petroli ipo? Tikisa tanki, usiamini geji. Koki iko wazi?

3. Fungua mfuniko wa tanki. Ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu, tundu la hewa la mfuniko limeziba na petroli ilikuwa haishuki. Zibua.

4. Moto, yaani cheche ya plagi. Chomoa plagi uitazame kabla ya kuifuta. Kavu kabisa: petroli haifiki. Imelowa: petroli imezidi au moto haupo. Masizi meusi makavu: mchanganyiko ni mzito (petroli nyingi, hewa kidogo). Irudishe kwenye kofia yake, uzi wake uguse chuma kitupu cha hedi (kichwa cha injini), mbali na tundu la plagi kwa sababu mvuke unaotoka pale unalipuka. Piga kiki. Cheche iwe ya bluu na idate. Ikiwa ya njano au inarukaruka, weka plagi mpya yenye mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Bado? Zungusha kofia itoke, kata milimita 5 za waya, rudisha. Kofia nyingi zenye rezista husoma kama kilo-omu 5. Mita isiposoma kitu, kofia imekatika. Baada ya hapo koili, halafu koili ndogo ya kwenye magneti, na CDI iwe ya mwisho kabisa, maana haipimiki kwa mita ya kawaida; unaifikia kwa kuondoa vingine vyote. Na usipige kiki huku waya wa plagi unaning'inia hewani. Umeme ukikosa pa kutokea unaunguza koili au CDI yenyewe.

5. Petroli kwenye kabureta. Legeza skrubu ya chini ya bakuli, kinga kwenye chupa nyeupe, subiri dakika moja. Maji hukaa chini kama shanga. Isipotoka kitu, tatizo liko kwenye koki, mpira au sindano ya boya. Kama una moto mzuri na bado huna uhakika, weka mililita 2 au 3 za petroli kwenye tundu la plagi kwa bomba la sindano, funga plagi, piga kiki. Ikishika sekunde mbili ikazima, acha umeme, shughulika na kabureta.

6. Jeti ya sailensi. Hapa ndipo pikipiki nyingi huharibiwa na mikono, siyo na uchakavu. Eksileta ikiwa imefungwa, petroli inapita kwenye jeti ndogo ambayo tundu lake mara nyingi ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Jeti kubwa inakaribia milimita 1, kwa hiyo uchafu uleule unaziba ndogo na kupita kwenye kubwa. Ndiyo maana pikipiki inakimbia lakini haitulii, au inatulia ukivuta choki tu.

Kabla ya kufungua skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa, ifunge taratibu huku unahesabu mizunguko hadi iguse, uandike. Kawaida ni 1.5 hadi 2.5. Ikigusa, ACHA, ukiikaza, ncha yake inavunjikia ndani au inapanua kiti chake, na kabureta ndiyo basi. Ukiitoa, nyuma yake kuna springi, washa (pete ya chuma) na oringi (pete ya mpira). Oringi hupenda kubaki ndani ya tundu, itafute. Jeti ni ya shaba, itolewe kwa bisibisi inayojaa mfereji wake. Itazame kwenye mwanga: uone duara kamili, siyo nusu mwezi. Loweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha puliza kwa upepo wa kompresa, pamoja na vitundu vidogo vya kwenye mwili wa kabureta.

Waya wa chuma MARUFUKU, ukiwemo wa kebo ya breki. Tundu likitoka 0.38 likawa 0.42, eneo lake limeongezeka zaidi ya asilimia 20, na hakuna skrubu itakayorudisha hilo. Uchafu ukigoma, tumia unywele mmoja wa waya laini wa shaba, bila kukwangua. Kabureta yenye kiwambo cha mpira juu, kitoe kabla ya kupuliza dawa, la sivyo kitavimba.

Kurekebisha: injini iwe ya moto. Pandisha kidogo skrubu ya eksileta, zungusha ya mchanganyiko hadi injini iende kasi kuliko zote, kisha shusha ya eksileta hadi karibu mizunguko 1,400 kwa dakika. Skrubu iliyo upande wa eya klina hupima hewa, ukifungua unapunguza petroli. Iliyo upande wa injini ni kinyume chake.

7. Sailensi inapanda na kushuka yenyewe? Nyunyiza maji kidogo kwenye kiungio kati ya kabureta na hedi. Mlio ukibadilika, kinavuta hewa.

8. Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, piga kiki. Kidole kisukumwe kwa nguvu. Kisiposukumwa, pima tapeti (mwanya wa valvu) injini ikiwa baridi, alama ya T ya kwenye magneti (pistoni iko juu kabisa) ikiwa mahali pake na tapeti zote mbili zikicheza. Zisipocheza, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Nyingi za cc hizi ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, fuata kitabu cha pikipiki yako. Ukishakaza nati pima tena, kwani husogea. Tapeti inayolia kidogo haina neno, iliyokaza na kunyamaza ndiyo inayounguza valvu.

MASWALI

kiki_mia: Mkuu yangu haiwaki, shida itakuwa nini?

Jibu: Hatua ya 4. Plagi imelowa au kavu?

kiki_mia: Sijaangalia bado.

Jibu: Basi tuko sawa, na mimi sijaiangalia.

gia_ya_tano: Mimi nilishazibua na waya wa kebo kabla ya kusoma. Sasa inatoa moshi mweusi na inakunywa sana.

Jibu: Jeti imepanuka. Namba imegongwa juu yake. Weka mpya ya namba hiyohiyo, usibahatishe.

mwanagenzi: Fundi, ya kwangu inazima ikipata moto, nikisubiri nusu saa inawaka. Nitajuaje ni koili au ni tapeti?

Jibu: Swali zuri. Siri ni kupima palepale inapozima, siyo ikishapoa. Fungua mfuniko wa tanki kwanza. Kisha angalia cheche: ikiwa haipo na baadaye inarudi, kuna waya wa ndani unaoachana kwa joto, pima koili na ile ndogo ya magneti zikiwa za moto, halafu zikiwa baridi, ulinganishe. Cheche ikiwa nzuri lakini kidole hakisukumwi, ni tapeti, hasa ya ekzosi.

mwanagenzi: Ilikuwa ya ekzosi, fila geji (bapa la kupimia mwanya) ya 0.05 haipiti kabisa. Asante.

upepo_safi: Mbona mimi nimetoa eya klina kabisa na inatulia vizuri? Unatutisha tu.

Jibu: Inatulia kwa sababu klina ilikuwa imeziba, au mchanganyiko ni mzito na umeupunguza kwa njia mbaya. Vumbi linasaga silinda na ringi. Weka klina safi urudie hatua ya 6. Usipotaka, pikipiki ni yako.

taa_hafifu: Betri ikifa kabisa, kiki itawasha?

Jibu: Inategemea CDI. Inayolishwa moja kwa moja na magneti itawaka; inayotegemea betri haitatoa cheche. Betri nzima ikipumzika inasoma volti 12.6 hivi, chini ya 12 ichaji kwanza.

injekta_tu: Na za injekta?

Jibu: Washa swichi, sikiliza pampu ivume sekunde mbili tatu. Kimya: fyuzi, rilei au pampu. Taa ya injini ikimweka, hesabu mimweko, ulinganishe na kitabu.

gia_ya_tano: Nyongeza: ukiiegesha mwezi mzima, funga koki uache iungurume hadi izime yenyewe. Bakuli likiwa kavu, jeti haigandi.

Jibu: Kweli kabisa. Na skrubu za bakuli ukazifungue kwa bisibisi ya ukubwa wake, siyo koleo. Vichwa vyake ni laini.