Jinsi ya kumpandisha Keats jukwaani ukiwa peke yako, na begi moja

Wengi wakitaka kufanya shoo ya mtu mmoja kuhusu washairi wa Uingereza wa enzi ya Romantiki, miaka ya mwanzo ya 1800, yani kina Keats, Byron, Wordsworth na wenzao, wanachagua mashairi wanayoyapenda afu wanayaunganisha na maelezo, nilizaliwa mwaka fulani, nikahamia kule, nikaandika hili. Hapo watu umeshawapoteza. Huo ni mhadhara umevalishwa koti la zamani. Aliyelipa tiketi anataka kumuona binadamu mwenye shida usiku huu huu, na shairi limtoke kwa sababu ya hiyo shida.

Kwa hiyo usichukue maisha yote, chukua saa moja. Keats alikufa Roma tarehe 23 Februari 1821 akiwa na miaka 25, na hata hiyo miaka 25 ukijaribu kuibana kwenye shoo moja utaishia kutaja tarehe tu. Chukua usiku wa tarehe 3 Februari 1820. Amerudi nyumbani Hampstead, kaskazini mwa London, usiku na gari la farasi, alikaa juu nje kwenye baridi, homa imempanda, rafiki yake Charles Brown anamwambia akalale. Anaingia kitandani, anakohoa kidogo, anaona tone la damu kwenye shuka, anaomba mshumaa alitazame vizuri. Afu anamwambia Brown kwamba rangi hiyo anaijua, ni damu ya ateri, na tone hilo ndo hati yake ya kifo. Sasa kumbuka huyu jamaa alisomea utabibu Guy's Hospital, leseni ya utabibu na dawa kaipata 1816, na mdogo wake Tom kamuuguza mwenyewe mpaka kafa kwa kifua kikuu Desemba 1818, kwa hiyo hahitaji kuambiwa na mtu. Na upande wa pili wa ukuta, nyumba hiyo hiyo imegawanywa, anaishi Fanny Brawne, mchumba wake. Kitanda, shuka, mshumaa, ukuta. Unataka nini tena?

Damu ya bandia achana nayo. Wa nyuma hawataiona, na wa mbele wataanza kujiuliza imetengenezwa na nini. Shika shuka kwa vidole viwili, sogeza mshumaa taratibu, nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka nne, afu ndo useme. Hizo sekunde nne ni ngumu kuliko ubeti wowote utakaokariri, maana ukiwa jukwaani peke yako ukimya unauona mrefu sana na mdomo unataka kukimbia. Zifanyie mazoezi kama unavyofanyia mistari. Ukitoka hapo ukaingia "Ode to a Nightingale", shairi lake kwa ndege nightingale, ambalo aliliandika mwaka uliotangulia kwenye nyumba hiyo hiyo, halisikiki tena kama shairi la darasani, kuna mistari humo ya vijana wanaokondeana na kufa na kila mtu ukumbini anajua inamhusu nani.

Swali la pili, unaongea na nani? Hili ndo linaua shoo nyingi. Jibu likiwa "na watazamaji" basi fafanua watazamaji ni nani: ni Brown? ni Fanny nyuma ya ukuta? ni marehemu Tom? Mtu anayeongea na kila mtu haongei na yeyote. Hapo barua zinakuokoa, maana barua tayari ina mtu wa upande wa pili, na Keats aliandika barua tamu kuliko hata baadhi ya mashairi yake (mnaobisha bisheni, nimeshasema). Kuna moja ya Aprili 1819 anasimulia alivyokutana na mshairi mwenzake Coleridge njiani kule Hampstead, mzee akapiga stori ya nightingale, ndoto, mizimu na mengine kibao, na Keats anasema aliisikia sauti yake akija na akaisikia akiondoka. Hicho ni kichekesho kipo tayari, watu wawili ndani ya mwili mmoja, na unakihitaji sana kwenye shoo yenye kifo.

Mashairi yenyewe hayana tena hakimiliki, ni ya zamani mno. Lakini angalia toleo unalotumia, maana utangulizi, maelezo ya chini na wasifu ulioandikwa juzi vina wenyewe, na ukinyofoa aya ya mtu ukaitia kwenye skripti utatafutwa. Kwa John Clare, mshairi mwingine wa enzi hiyo, kuwa makini zaidi, maana maandishi yake mengi yalichelewa sana kuchapishwa na hakimiliki yake imewahi kuleta mabishano.

Na Clare ndo ningemshauri mtu ambaye hataki kufanya kina Byron tena. Julai 1841 alitoroka kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili huko Essex akatembea karibu maili 80 kurudi kwao, siku nne, viatu vimechakaa, njaa imembana mpaka anakula majani ya pembeni ya barabara. Anamfuata Mary Joyce anayeamini ni mkewe, kumbe Mary hakuwahi kuolewa naye na ameshakufa miaka 3 iliyopita. Aliandika safari hiyo mwenyewe. Kuna kitu kimoja humo kinatosha kuanzisha shoo: usiku akilala alielekeza kichwa kaskazini ili akiamka ajue njia ni upande gani. Usikielezee. Lala tu chini, geuka, rekebisha kichwa, tafuta kaskazini, rekebisha tena. Watu watauliza moyoni anafanya nini huyu, na ukishawafikisha hapo unawaambia.

Wordsworth ni mgumu, aliishi mpaka 80 na uzee wake hauna drama sana, mimi ningemwacha nikamchukua dada yake Dorothy. Tarehe 15 Aprili 1802 walikuwa wawili pale Ullswater wakaona maua ya daffodili kando ya ziwa, Dorothy akaandika kwenye shajara yake kwamba mengine yameegemeza vichwa kwenye mawe kama yamechoka. Miaka michache baadaye kaka anatoa shairi linaloanza kwa kusema alikuwa akizurura mpweke! Dorothy asome shajara, afu afungue kitabu cha kaka yake cha 1807, asome mstari wa kwanza, awaangalie watu. Ukumbi mzima utacheka na wewe hujaongeza neno.

Mwili nao una kazi. Hazlitt, mwandishi wa insha wa enzi hiyo aliyewajua Coleridge na Wordsworth, anasema Coleridge alipenda kutunga akitembea ardhi ya mabonde mabonde au akipenya vichakani, na Wordsworth akitembea kwenda na kurudi kwenye njia iliyonyooka. Chukua hiyo uifanye mwendo wako wakati wa ubeti, utashangaa mdundo unavyojipanga wenyewe. Kwa Byron, mguu wake wa kulia ulikuwa na kilema tangu kuzaliwa na mwenyewe alikuwa anauficha, kwa hiyo na wewe ufiche, uonekane mara moja tu anapochoka. Ukichechemea shoo nzima, ukishakuwa safarini wiki kadhaa nyonga itakudai.

Safari sasa. Kila kitu kiingie begi moja unaloweza kulipandisha ngazi mwenyewe, na kitakachokuwa kitanda kikopwe ukumbini, meza na kiti vinatosha. Maleba yawe ya kitambaa kinachofuliwa usiku kikakauka asubuhi, na shati ziwe mbili. Mshumaa wa moto kumbi nyingi hawataki hata kusikia, nunua wa betri, na kaa na betri za akiba mfukoni mwa koti. Taa panga hali mbili au tatu tu, maana fundi wa taa utakutana naye mchana na shoo ni jioni, na sehemu nyingine fundi mwenyewe ndo huyo huyo anayeuza tiketi. Kwenye tamasha kama Edinburgh Fringe nafasi yako mara nyingi ni kama saa moja na inahesabu pia kupanga na kupangua, kwa hiyo skripti ya dakika 50 ndo salama, ya 65 unafungiwa taa na ubeti mdomoni.

Malipo yaandikwe kabla hujatoka nyumbani: pesa taslimu isiyobadilika, au mgao wa tiketi, na nani analipia malazi. Kwa ukumbi mdogo usiokujua omba kiasi cha chini kinachohakikishwa halafu mgao juu yake. Weka pia maongezi ya dakika 15 baada ya shoo ukishavua koti, na jiandae, kila sehemu kuna mtu mmoja anayezijua barua za Keats kuliko wewe na amekuja kukukosoa. Mpe maiki, mwache amalize.