Jinsi ya kuanzisha timu ya watoto mtaani kwako ili siku moja iilishe Taifa Stars

Kila Stars ikitolewa watu wanaulizana kocha gani aletwe, mimi nafundisha madogo na naamini jibu liko huku chini. Ujerumani walimaliza mkiani kwenye kundi lao Euro 2000, wakafungua vituo zaidi ya 300 nchi nzima, wakazibana klabu za Bundesliga ziwe na akademi, kombe la dunia wakabeba 2014. Miaka 14 hiyo. We anza tu hivi:

1. Umri. Kabla hujanunua hata mpira, nunua daftari. Andika jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, simu ya mzazi. Omba cheti cha kuzaliwa, kama hakuna angalia kadi ya kliniki halafu msukume mzazi akafuatilie RITA, wakala wa kusajili vizazi. Vijeba, yaani wakubwa wanaodanganya umri, usipokee, hata kama wanakuletea mbuzi wa ubingwa kila msimu, maana kwenye mashindano ya U-17 CAF na FIFA wanapima kifundo cha mkono kwa MRI, kijeba wako anaishia hapo na dogo wa kweli aliyekaa benchi kwa ajili yake keshaacha mpira zamani. Na hata kwa wenye umri halali, wa Januari anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima, kwa hiyo yule mwembamba anayesukumwa sukumwa usimkate, mpe dakika.

2. Punguza uwanja. Miaka 6 mpaka 9 wacheze wanne kwa wanne, magoli madogo kama ya chandimu, mpira namba 3. Kuanzia 10 saba kwa saba, mpira namba 4. Kumi na moja kwa kumi na moja subiri wafike 13. Mtoto wa miaka 8 ukimtupa uwanja mkubwa anakimbia tu, mpira anaugusa mara chache mno, sasa atajifunza nini?

3. Mazoezi yenyewe. Saa moja inatosha. Hakuna kuzunguka uwanja, hakuna foleni ndefu ya kupiga shuti moja moja. Robo saa kila mtoto na mpira wake, kukokota, kugeuka, chenga, miguu yote miwili (mipira haitoshi? wagawane wawili wawili). Halafu mbili kwa mbili, tatu kwa mbili, hapo ndo wanajifunza kuamua. Muda uliobaki ni mechi, na wewe nyamaza kidogo, ukimpigia kelele "toa! toa!" kila akigusa mpira unamfundisha kuogopa. Beki leo, winga kesho, namba ya kudumu mpangie akishafika 14 hivi.

4. Mechi. Panga na timu za jirani kila wikiendi, kila mtoto acheze angalau nusu. Kaa na mwalimu wa michezo, UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) na UMISSETA (ya sekondari) ndo zinamtoa mtoto mtaani mpaka mkoa mpaka taifa, ukigombana na shule unamfungia njia.

5. Wasichana, tafadhali. Serengeti Girls 2022 kule India waliifunga Ufaransa 2-1 wakafika robo fainali ya kombe la dunia U-17, wavulana wetu 2019 tuliandaa AFCON ya U-17 nyumbani Dar tukafungwa mechi zote tatu. Sasa mbona mitaa mingi haina hata timu moja ya mabinti? Watenge muda wao, tafuta mama mmoja au dada wa kusimamia, wazazi wataruhusu.

6. Sajili. Nenda chama cha mpira cha wilaya, sajili kituo na watoto kwenye mfumo wa TFF, shirikisho la mpira Tanzania. Mchezaji akiuzwa nje, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawanywa kwa timu zilizomlea kuanzia mwaka anaotimiza 12, na kama jina la kituo chako halipo kwenye pasi yake ya mchezaji hupati kitu. Hela hiyo ndo mipira na koni za madogo wanaofuata.